Siku Mkwe Aliponishika

Shoga yangu Sikudhani, usinipigie, sauti haijarudi. Nakuandikia tu.

Mchana huu nimekabwa na nyama ya kuku. Nilikuwa jikoni peke yangu. Binti yangu Sara alitoka kuchota maji, na mumewe, Baba Rahabu, alikuwa anakula sebuleni, kama desturi yetu inavyotaka, mkwe asile pamoja na mama mkwe wala kumgusa.

Hewa haikuingia wala kutoka. Nikataka kuita, kimya. Nikapiga sufuria teke.

Baba Rahabu akaja, akasimama mlangoni. Unajua tangu amwoe Sara hajawahi hata kunipa mkono. Nikamwona anatazama chini, nikasema moyoni, leo heshima itaniua.

Akasema, "Mama, niruhusu nikushike." Ndivyo wanavyofundishwa kwenye mafunzo yake ya kuhudumia watu kwenye gari la wagonjwa, kuomba ruhusa kwanza. Ningejibu kwa sauti gani? Nikamgeuzia mgongo ili anishike.

Akanizungushia mikono, akanibana juu ya kitovu kwa nguvu. Nyama haikutoka. Macho yakaanza kuingia giza. Akabana tena, nyama ikaruka hadi kwenye mafiga.

Kanga yangu ilikuwa imedondoka. Akaiokota uso ameugeuzia ukutani, akanifunika mabega, akatoka.

Kasema lazima nikapimwe tumbo, maana kubanwa vile huweza kuumiza ndani. Sara amerudi na maji, ameenda kutafuta bajaji. Yeye amekaa nje, ameupa mlango mgongo. Kila baada ya kitambo anauliza, "Mama, unapumua?"

Sauti sina. Nakohoa kidogo, ili asikie.