Neno Nililokutafsiria Vibaya

Papa,

Leo nimemfukuza mtu uani kwetu. Nimemfukuza kwa sauti ambayo hukuwahi kuisikia kwangu, mpaka mama Mvietinamu wa nyumba ya pili akatoka na ufagio kuangalia nani anauawa. Unisamehe. Ulinilea nisiwe mtu wa kupayuka. Lakini nataka ujue kwa nini, na sina mwingine wa kumwandikia, kwa sababu wote waliobaki wananiambia nitulie.

Alikuja kwa ajili ya gari lako. Bahati ndiye aliyempa anwani. Mdogo wangu, ambaye mpaka leo ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, anaamini ninajiumiza kwa kuliangalia kila siku kupitia dirisha la jikoni, na pengine ni kweli. "Yaya, liuze," ananiambia kwenye simu kutoka Campbelltown. "Leseni yenyewe huna. Linakaa pale kama jiwe la kaburi."

Basi akaja mtu huyo, mzungu wa makamo, mpole, barakoa imening'inia kidevuni. Akalizunguka gari mara mbili. Akapiga magoti akachungulia chini. Akagonga boneti kwa kidole kama anachagua tikiti maji sokoni. Akasema magari haya sasa yanatafutwa sana, watu wanayaweka gereji na kuyafunika shuka, tangu kampuni ilipoamua jina lake li-retire.

Retire. Alilisema hivyo hivyo, taratibu, huku akiipapasa nembo.

Hapo ndipo nilipompigia kelele.

Papa, wewe unajua neno hilo lilikufanyia nini. Hukuwahi kunilaumu, nami sikuwahi kukuomba msamaha. Sasa nakuomba kwenye karatasi, kama mwoga.

Kampuni ile uliipenda kuliko baadhi ya shangazi zangu. Ulianza na pikapu ya yule Mgiriki wa Uvira, kwetu Kongo, pikapu ya Kimarekani, kuukuu, mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. Ulisema ilikufundisha ufundi kuliko mtu yeyote. Kule kambini Tanzania, wakati hukuwa hata na baiskeli, ulikaa na mimi na Bahati ukatuchorea kabureta kwenye vumbi kwa kijiti, ukatuonyesha petroli inapita wapi na hewa inapita wapi. Kuku akapita juu ya mchoro. Ukamfukuza, ukachora upya.

Halafu tukafika Sydney. Wiki ya kwanza ukaona magari ya hapa yenye jina la Australia, na mtu akakueleza kwamba mwenye mali ni kampuni ile ile ya Marekani. Ulicheka pale stesheni ya Fairfield mpaka watu wakageuka. "Wamebadilisha jina tu, kama bibi harusi," ukasema. "Neema, tumefika kwa mashemeji."

Wakakupa kazi ya kuosha magari nyuma ya duka lao. Ukaosha mwaka mzima, na hukulalamika. Mpaka siku ile Minh, msimamizi wa mafundi, alipokukuta umeinamia injini, ncha ya bisibisi refu kwenye chuma na mpini wake umeubana sikioni. Akawaita wenzake waje wacheke. Ulipowaambia kwamba beringi ya pampu ya maji imechoka, walizidi kucheka. Wakaifungua. Ilikuwa imechoka. Kuanzia wiki iliyofuata ukavaa ovaroli, na Minh akawa anakuita kila injini ilipomshinda: "Joe, leta sikio!" Yosefu ilikuwa ndefu mno kwao.

Barua ya kampuni ilikuja kiangazi, kabla korona haijatufungia, wakati Sydney bado inanuka moshi wa misitu. Ulijua mambo yamebadilika. Kiwanda cha hapa nchini kilikuwa kimefungwa miaka michache kabla, magari yakawa yanakuja kwa meli. Ukaweka barua mezani. "Mwalimu wangu, nisomee." Uliniita Mwalimu kwa sababu nilimaliza sekondari, na mimi nilipenda kuitwa hivyo.

Nilikuwa nachelewa zamu yangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, cha pili nakitafuta chini ya kochi. Nikapitisha macho kwenye ukurasa wa kwanza. Nikasema, "Papa, wanasema jina la gari linastaafu."

"Linastaafu?"

"Ndiyo. Retire. Kustaafu."

Ukavua kofia. Naikumbuka kofia hiyo kwenye goti lako. "Basi ni vizuri," ukasema. "Limefanya kazi miaka mingi. Anayestaafu anaheshimiwa."

Nikapata kiatu, nikakimbilia treni. Ukurasa wa pili sikuusoma.

Kwetu neno hilo lina viti na soda. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitusimulia mwalimu mkuu wa Uvira alivyostaafu: mbuzi, kitambaa cha suti, kitenge cha mkewe, na hotuba mpaka jua likazama. Kustaafu ni kushukuriwa mbele ya watu. Mimi ndiye niliyekuwekea picha hiyo kichwani, halafu nikaenda kazini.

Ukurasa wa pili nilikuja kuusoma siku nyingine. Ulisema milango itafungwa, na mafundi watajitafutia kwingine. Nikajiambia Minh amekwisha kukueleza. Minh naye, aliniambia baadaye, alijiambia binti yako amekusomea. Kisha ikaja karantini. Ukaona magari yanapungua ukafikiri ni korona. Ukaona wenzako wanaondoka mmoja mmoja ukafikiri ni korona. Kila kitu mwaka ule kilikuwa korona, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu kingine.

Ukakumbuka tu kwamba kuna siku ya kustaafu. Ukaniambia nikaange sambusa.

Papa, nilikaanga beseni zima. Nilikuona unavaa suti ya kahawia, unafunga tai mbele ya kioo cha bafuni, unapiga viatu rangi. Nikakuona. Na bado sikusema. Nilifikiri, aende, watamwelewa, watakula sambusa, watamwambia asante. Nilifikiri hata Wamarekani wana haya.

Yaliyotokea Minh amenisimulia, si wewe. Mashine ilikuwa inashusha bango barabarani. Kijana aliyetumwa kutoka ofisi yao kuu amesimama mlangoni na boksi la kuwekea funguo na ovaroli. Wenzako wako kwenye nguo za kazi. Wewe na suti, na beseni langu limefunikwa kitambaa cha maua.

"Joe! Nani anaoa?" mmoja akakutania.

Ukacheka nao. Ukasimama pembeni ukangoja. Minh anasema ulingoja kwa adabu, mikono mbele, kama mtu kanisani. Mwishoni ukamwendea yule kijana ukamuuliza kwa Kiingereza chako ni saa ngapi ile retire itaanza. Akakutazama, akatazama boksi. "Imeshakwisha, rafiki," akasema. "Weka funguo tu." Na chakula, akasema, hakiruhusiwi kugawanywa, sababu ya korona.

Beseni lilirudi limejaa. Nilikuuliza mlangoni, nawe ukaniambia, "Walikuwa wameshiba."

Walikuwa wameshiba. Wiki nzima tulikula sambusa zile, mimi na wewe.

Nimekasirika, Papa. Mwaka umepita na bado sijui pa kuiweka hasira hii. Nimewakasirikia watu waliokaa mbali sana na Fairfield wakachagua neno. Wangeweza kusema tunafunga. Tunaondoka. Tunawaacha. Maneno hayo hata mimi na kiatu kimoja ningeyatafsiri sawasawa. Lakini walichukua neno la mzee anayepumzika na wajukuu, wakalivalisha kitu kingine kabisa, na mwenye kulivalia suti akawa wewe. Na nimewakasirikia hawa wanaokuja sasa kupapasa nembo. Magari yalipokuwa yanauzwa walikuwa wapi? Kila mtu ameanza kulipenda jina hilo lilipokwisha kufa. Wangelipenda likiwa hai, wewe ungekuwa unatafuta bisibisi lako saa hizi na kunilaumu kwamba nimelitumia kufungulia kopo la rangi.

Na nimejikasirikia mimi. Hilo ndilo kubwa, nimelificha chini ya mengine.

Kwa sababu ulikwenda kufanya kazi ghalani. Mtu mwenye sikio kama lako, wakakupa kimashine cha kusomea maboksi, kinalia pii, pii, ukichelewa kinalia zaidi. Ulisema ni kazi, ulisema hata Yosefu wa Misri aliwekwa ghalani. Huko ndiko ugonjwa ulikokukuta, majira ya baridi, Fairfield imefungwa, helikopta ya polisi inazunguka juu ya kamba zetu za kuanikia nguo. Ambulansi ilipokuchukua ulinyoosha kidole kwenye gari. Nilidhani unataka likupeleke. Kumbe ulikuwa unaniambia dirisha halijafungwa na mvua inakuja.

Kazini kwangu nimewashika mikono wazee wasio wangu mpaka pumzi ya mwisho, nimevaa plastiki kuanzia kichwani. Wako sikuushika. Nilikuona kwenye skrini iliyoshikwa na nesi Mkenya. Aliniambia, "Zungumza naye, dada, anakusikia," na mimi, Mwalimu wako, nikakuambia tu dirisha la gari nimelifunga.

Hawakuturuhusu kukuvalisha. Tulikuzika tukiwa watu kumi, tumeachana kama nguzo za umeme. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na mtu wa kulala sebuleni kwetu wala mama wa kanisa wa kupika jikoni. Watu walipita mbele ya nyumba ndani ya magari yao, polepole, wakipiga honi, vioo juu. Minh alikuwa wa kwanza. Polisi wakawasimamisha wawili kuwauliza wametoka umbali gani. Nilisimama barazani nikiwapungia mkono kama mtu anayeaga harusi.

Kwa hiyo suti ilibaki. Jumapili iliyopita niliitoa kabatini nimpe Bahati, nikapapasa mifuko kama mtu afanyavyo kabla ya kufua. Kwenye mfuko wa ndani kulikuwa na kadi ya kazi ya gereji. Upande mmoja: kubadilisha oili, kukagua breki. Upande wa pili mwandiko wako, herufi kubwa, kalamu umeikandamiza mpaka imetoboa.

"Mimi ni Yosefu, fundi. Nashukuru kampuni. Nilikuja hapa mkimbizi, mkanipa kazi ya mikono yangu. Leo jina la gari linapumzika, tunalishukuru. Mimi bado nina nguvu. Kesho nitakuja saa moja asubuhi kama kawaida."

Kesho nitakuja.

Hotuba yako, Papa. Uliandika hotuba. Ulisimama nayo pale na beseni, ikiwa kifuani kwako, ukingoja kuitwa.

Sikumwambia mtu. Nimetembea nayo wiki nzima kwenye mfuko wa aproni, na ilikuwemo humo leo yule mzungu alipolisema neno. Sasa unaelewa. Maskini, hakujua. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye ndoo yako ya kuoshea, akaacha kikadi chake kwenye boneti akakimbia. Nimekichana.

Bahati alipiga simu baada ya dakika kumi. "Yaya, umemfanya nini yule mtu? Anasema ulikuwa unalia na kumfokea kwa Kiswahili." Nilimsomea kadi. Nilipofika mstari wa mwisho nikasikia mtoto wake nyuma anauliza, "Dad, what's wrong?" Baba, kuna nini? Kisha Bahati akasema, "Betri bado nzima?"

Nikasema sijui.

"Nakuja Jumamosi na nyaya za kuliwashia. Usimwite mtu mwingine."

Basi gari haliuzwi. Hiyo ndiyo habari niliyotaka ikufikie. Minh amekubali kunifundisha kuliendesha. Anasema atakaa pembeni akifumba macho na kuomba kwa miungu yake yote. Oili nitabadilisha mwenyewe, na bisibisi refu ninalo, sijamwazima mtu. Nikisikia kitu ndani ya injini nitakuambia, hata kama nitakuwa nimekosea.

Na Jumamosi hiyo nimewaita mafundi wote wa zamani waliopatikana, wanane, waje uani kwetu. Chakula sasa kinaruhusiwa. Nitakaanga sambusa, beseni lile lile, na safari hii nitasimama pale mpaka liishe. Suti yako nitaitundika kwenye mlango wa gari, na kiti chako kitakuwa mbele. Nitaisoma hotuba yako kwa Kiswahili kwanza, yote, na mstari wa mwisho nitausoma mara mbili. Halafu nitawatafsiria kwa Kiingereza. Nitatafsiri polepole, Papa. Neno moja moja, pande zote mbili za kadi, nikiwa nimevaa viatu vyote viwili.

Pumzika sasa. Saa moja asubuhi boneti nitaifungua mimi.

Mwalimu wako,
Neema