Mgeni Aliyekataa Chumvi

Mpendwa mwanangu mshauri,

Mimi nina miaka sabini na minne. Nimeishi kuliko Mjerumani aliyemchapa baba yangu viboko mbele yangu, nimeishi kuliko Mwingereza, nimeishi kuliko ule mradi wa karanga uliotujengea bandari hapa Mtwara halafu ukafa wenyewe, nimezika wake wawili, na sasa hata Mreno wa ng'ambo ya Ruvuma nasikia anafunga mizigo, kwa hiyo ujue anayekuandikia si mtu wa kutishwa na kivuli, lakini naomba msaada, na kuomba si tabia yangu. Shule sikusoma. Kuandika nimejifunza juzi kwenye kisomo cha watu wazima, nikawapita vijana, mwalimu mwenyewe alisema.

Kazi yangu ni upishi na kuchanganya vinywaji vya wazungu, toka zamani za klabu yao. Dini yangu inanikataza pombe na sijawahi kuimeza hata tone, mimi huonja kinywaji kabla pombe haijaingia, ikishaingia natumia pua, na pua kama yangu Mtwara nzima haipo, wa Lindi wasijisumbue.

Sasa mwaka huu namtumikia Mkanada mmoja, mtaalamu wa visima, anakaa Shangani. Mwezi wa kumi bibi yake akanifuata jikoni akaniambia, "Selemani, kwetu kuna sikukuu ya mizimu, tunaiita Halowini. Watu wanavaa kama wafu wanafurahi. Nataka vinywaji vya kutisha, lakini visiwe vitamu. Nataka vya chumvi."

Nikamwambia, "Mama, mizimu na chumvi havikai meza moja." Maana kwetu Wamakonde chakula cha mahoka, ndio wafu wetu hao, hakitiwi chumvi kabisa, chumvi ni ya mwenye kupumua.

Akacheka. "Hiyo ni mizimu ya kwenu, Selemani. Ya kwetu inakula kila kitu."

Basi nikafanya, na nikifanya jambo nalifanya. Nyanya za sokoni Chikongola nikazisaga kwa jiwe, nikazichuja kwa kitambaa, nikatia supu ya chaza, ndimu, pilipili mbuzi, kitunguu saumu na chumvi ya mawe, ikatoka nyekundu nzito kama damu ya mbuzi inapotaka kuganda. Vitunguu vidogo nikavimenya nikachomeka karafuu katikati, ukitazama unasema jicho, na lenyewe linakutazama. Bibi akaleta glovu ya daktari, tukaijaza maji tukaigandisha kwenye friji ya mafuta ya taa, tukaivua, ukatoka mkono wa barafu, tukauweka uelee ndani ya bakuli la hiyo damu. Kwa kuwa wageni watakuwa wamejifunika shuka, nikawakatia vikonyo vya majani ya papai wanyonyee humo humo ndani. Hilo la papai ni akili yangu mimi, bibi alipiga makofi.

Halafu akataka moshi. Moshi tutautoa wapi? Nikaweka ubani kwenye makaa, nyuma ya bakuli.

Sasa mwanangu wewe ni mtu wa pwani, jumlisha mwenyewe: bakuli limetengwa, ubani unafuka, watu wamevaa nyeupe, na siku yenyewe Alhamisi kuamkia Ijumaa, ambayo kila mwenye wazazi wake makaburini anajua nani hutembelea nani. Mimi niliyaona yote hayo, si mjinga, nikasema moyoni chumvi itatulinda.

Ila jagi moja halikuwa na chumvi. Kulikuwa na bwana mmoja atakayetoka Lindi, ana presha, daktari amemkataza chumvi na pombe, bibi akasema chake nikiweke kando. Nikakiweka kwenye meza ndogo ya barazani.

Magharibi ilipoingia wageni wakafika, wanalia hoo hoo, wanashtuana, wanacheka. Shuka zao zina maua, zina mapindo, moja imeandikwa jina la hoteli. Huyu mmoja alisimama barazani peke yake karibu na meza ndogo, na nguo yake ilikuwa bafta, ile nyeupe ya kukatia sanda. Bafta mpya, haikupindwa wala haikushonwa. Nikampelekea glasi ya bakulini, akaisukuma kwa mkono uliofunikwa. Nikasema aa, ndiye bwana wa presha. Nikammiminia ya jagi.

Alikunywa kwa kile kikonyo cha papai. Kinywaji kilikuwa kinashuka kwenye glasi, nakiona, lakini koo sikulisikia. Mtu akinywa koo husema. Lake halikusema.

Kisha akaniita jina langu la kabla ya jando. Wewe wa mjini huenda hujui, sisi tukishatoka jandoni jina la utoto linazikwa huko huko, mtu akikuita kwalo amekutukana, na hata mke wangu halijui. Waliokuwa wanalijua langu wamekwisha wote. Sitaliandika hapa. Akaniita kwalo, polepole, kama kaka mkubwa anavyomwamsha mdogo wake alfajiri, halafu akaniambia kwa Kimakonde, "Nimekwenda nyumbani. Sikukuta mlango. Mko wapi?"

Mimi nikainua jagi nimwongezee.

Erasto, dereva wa bwana, akanijia kwa nyuma. "Mzee, yule wa Lindi usimngoje. Gari limerudi tupu, homa imemlaza tangu jana."

Nikageuka kumwambia asinifanyie mzaha, mgeni wa Lindi si ndiye huyu hapa. Hakuna mtu. Ngazi tupu, na moshi wa ubani badala ya kupanda umetambaa chini sakafuni hadi kwenye ile meza ndogo. Glasi imewekwa vizuri, ina kidogo chini.

Sasa sheria yangu ya kazi, glasi haitoki mkononi kwangu na masalio kabla sijajua ina kosa gani. Pombe haikuwemo. Nikayanywa. Yalikuwa ya baridi, si baridi ya barafu, baridi ya maji yaliyokaa mtungini kwenye nyumba isiyo na watu.

Tangu pale sionji chumvi. Mchuzi wangu bwana ameurudisha, "Selemani, unataka kutuua?" Mimi naonja naona haujakolea. Nyumbani kwangu Magomeni, hapa hapa Mtwara, mke wangu Somoe akanitilia chumvi kiganjani, nikailamba, ikawa kama mchanga. Akaniuliza,

"Mzee, hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi mimi wasioonja chumvi nawajua, na silali nao." Akabeba mkeka wake akaenda kulala jikoni, na mlango akaufunga kwa ndani.

Somoe anasema yule ni marehemu kaka yangu, aliyezikwa kwenye shamba letu la mikorosho karibu na Kitaya, na niende nikamtambikie. Lakini kule ni mahame. Mwezi wa nane operesheni ilipopita ndugu zangu wote walipakiwa kwenye lori wakapelekwa kijiji kipya cha ujamaa barabarani, niliwapakia mwenyewe, nyumba zikabomolewa, na katibu wa kijiji amesema anayeonekana mahameni ni mpinga maendeleo anayetaka kutoroka kijiji. Sheikh Ismaili anasema ni jini ananichezea, nisome tu. Na mimi nasema siitwi na mtu aliyejifunika uso, anayenitaka aje wazi.

Ila wiki hii hata ndimu imeanza kunipotea. Jana nilichoma karafuu sikuisikia. Mwanangu, pua yangu. Nikienda navunja amri na kuonekana mshirikina, nisipoenda nakwisha kidogo kidogo, na sijui kitafuata nini baada ya harufu. Nifanyeje?

Jina langu liandikeni lote, siogopi. Wa kunishuhudia wapo: mke wangu Somoe binti Issa wa Magomeni, Erasto dereva, ambaye ni Mkristo na hanywi, na Mwajuma anayefua nguo pale Shangani, shuka zote za siku ile zilipita mkononi mwake, muulizeni kama aliiona bafta.

Selemani Nalinga
Mtwara

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu Selemani, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisomea nje, penye watu. Pole kwa ulimi. Pole zaidi kwa mkeka wa Bi Somoe.

Lakini baba, wewe nawe! Mtu akitandika jamvi, akafukiza, akamimina kinywaji, halafu mgeni akaja, atamlaumu mgeni? Ulijua siku, ulijua ubani, ulijua na chumvi, ukamwachia bibi wa watu akucheke ukanyamaza ili usifiwe vikonyo vya papai. Na masalio ya glasi ile yalikuhusu nini? Watoto wadogo wanakatazwa kulamba sahani ya wakubwa.

Tena unasema huitwi na mtu aliyejifunika uso. Hakukuita uende kwake, mzee. Hakukutisha, hakukudai. Alikuuliza mko wapi. Mtoto aliyepotea sokoni huuliza hivyo hivyo na hata mpita njia humjibu. Mlipakia kila kitu kwenye lori, na aliyelala shambani hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba mnahama. Umenitajia Mjerumani, Mwingereza na Mreno, wote waliohama nchi hizi umewaandika. Kaka yako hukumtaja jina.

Sasa fanya hivi, na usinibishie.

Kesho nenda hospitali wakutazame ulimi na pua. Homa huviiba, uzee huviiba, na ugoro, kama unavuta, huviiba pia. Wakikupa dawa, meza. Usiniambie umeishi kuliko madaktari.

Kisha nenda kwa katibu wa kijiji, mchana, ofisini kwake. Usiende kwa majivuno. Mwambie, ndugu katibu, nataka kupalilia kaburi la kaka yangu na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi sijasikia amri inayomzuia mtu kung'oa majani kaburini, na yeye naye ana wazazi wake huko. Akitaka kuja, aje na jembe lake.

Mchukue Sheikh Ismaili. Yeye asome yake, nawe useme yako, havitagombana. Bi Somoe aende pia. Atakapokuona umeinama unalima, atajua mwenyewe mkeka autandike wapi.

Bakuli usibebe. Ubani usibebe. Glasi usiziguse. Mkishafyeka, kaa chini karibu naye, mtaje kwa jina lake, na uzungumze Kimakonde. Mweleze njia kama unavyomweleza mgeni wa mbali: mlipita wapi, mlivuka kijito gani, nyumba mpya ya ndugu zako ni ya ngapi kutoka barabarani, mlango umeelekea upande gani. Usiruke kitu. Kisha nyamaza. Akiuliza neno jingine, mjibu, hata akikuita kwa jina lile.

Huyo bibi wa Shangani mwakani mwambie una udhuru.

Ondokeni pale kabla ya adhuhuri. Na mnaporudi, mzee wangu, njia nzima mpaka kijijini, msihesabiane, hata mkihisi mmeongezeka mmoja.

Bi Mwanahawa