Kiti cha Mzee Kimeonekana Mtoni

Shoga, mwanamke wa kudanganya kwa uso mkavu kama mimi hajazaliwa. Leo nimetoka jasho mpaka kwenye kope.

Wapimaji wa mto wamekuja, wanataka kujua kina kabla mtambo haujaanza kuzoa tope. Boti yao ina chombo kinachopeleka sauti chini, ikirudi inachora picha. Ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kama mtu anayepiga deki.

Mzee wangu akajipeleka kuchungulia kioo chao. Nikamfuata na chai.

Mpimaji akasema, "Kuna kiti huku chini."

Kiti, shoga. Kile cha chuma, kilichokuwa kinalia kila mzee akipumua, tukakizamisha mimi na wewe, nikamwambia kimeibiwa. Mwaka wa pili huu anakililia kama marehemu. Kimekaa na miguu yake minne, utadhani kinasubiri mgeni.

Mzee akauliza ni wapi hapo. Mpimaji, mtoto wa watu, akasoma kipimo cha setilaiti: "Mita nne kutoka ngazi zenu za kufulia, mzee."

Mzee akanigeukia polepole. "Mke wangu, mwizi gani anaiba kiti halafu anakitupa nyuma ya nyumba ile ile?"

Nikamwambia, "Labda kiliwalemea. Walikuwa wawili tu, tena watu wazima, mmoja anahema kama trekta."

Akanywa chai. Akanywa tena.

"Si ulisema siku ile ulishinda kwa dada yako?"