Mvua ya Ottilia

Ottilia,

Nimekwenda jumuiya. Ugali uko kwenye hotpoti. Mboga ifunike vizuri, paka yupo. Usipa wamo kitandani kwako. Ndiyo, samaki, kitandani. Kawaanike tena kabla hawajaoza.

Asubuhi umekwenda ziwani kufua, ukaacha spika inanguruma ile sauti ya mvua na radi unayowarushia wenzako wa mchezo wa hadithi mtandaoni, ati wajione wako msituni. Mimi niko jikoni, nitajuaje? Nikatoka mbio napiga kelele, “Mvua! Anueni!” Majirani wote wakaanua usipa wao. Jua kali, Ottilia! Watu wamesimama na mabeseni wananitazama mimi.

~~Mchezo huo humu ndani basi.~~ Cheza, ila wewe na wenzako vaeni hedifoni. Au wawekee sauti ya jua.

Nimeshamwomba radhi Mama Meshack. Kumbe mumewe alisikia kelele zangu, akaacha pombe kilabuni, akaja mbio kumsaidia kuanua. Mwezi mzima alikuwa hajaonekana nyumbani mchana.

Mama Meshack anauliza mvua nyingine utaiweka lini.

Mama yako, mtabiri wa hali ya hewa