Ngozi Moja, Vipande Vitatu

Ijumaa, Septemba 29, Mtakatifu Mikaeli

Siku ya kulipa leo. York nzima inanukia bata bukini wa kuchoma, na sisi tumekula uji wa shayiri. Bata wetu, Thurstan kampelekea karani. Bata wangu! Niliyemlisha kwa mkono wangu! Huyo ndiye mume aliyepata mjukuu wangu — kimo cha farasi, nywele za dhahabu, akili ya kuku.

Kaja na kofia mkononi. "Bibi, nina neno." Nikamwambia aliteme, si la kutafuna.

Kumbe mwaka jana alikopa pauni ishirini kwa Ansketil, karani wa mfalme. Akanunua sufu, sufu ikaloa melini, ikaoza. Na deni halikuandikwa pembeni mwa mlango kwa mkaa kama madeni ya watu wa heshima. Limeandikwa katika gombo la mfalme. Siku ya kulipa: Mtakatifu Mikaeli. Asipolipa, liwali anakuja kukamata mali, na yeye mwenyewe anaingia gereza la ngome.

Mtakatifu Mikaeli ni leo! Na mimi naambiwa leo!

Pauni ishirini. Mimi na marehemu Osgod tulikwangua ngozi miaka thelathini, hatukuwahi kuziona pauni ishirini zimekaa pamoja.

Nikamgeukia mjukuu wangu Idonea. "Na wewe ulijua?" Akaangalia bakuli lake.

Alijua.

Jumapili, Oktoba 1

Baada ya misa Ansketil kaja kutazama kiwanja chetu cha kutengenezea ngozi za kuandikia. Kanzu nyeusi, vidole laini kama chuchu za nguruwe. Kafunika pua kwa mkono wa kanzu toka langoni mpaka mtoni, kayaruka mashimo yangu mawili ya chokaa ya kulowekea ngozi kama mtu anayekwepa wafu.

"Harufu kali, mama."

"Ndiyo harufu ya kazi yako, Bwana Karani. Au wewe unaandikia majani ya kabichi?"

Akacheka. Watu wa namna hiyo hucheka, wanajua wana nini mfukoni.

Anakitaka kiwanja. Tangu mfalme aje kupigana na Waskoti na mahakama zake zote zikahamia huku nyuma yake, kila banda la nguruwe York limelaza wakili, na tofauti haionekani. Ansketil anataka kujenga vyumba vya kupangisha hapa mtoni. Liwali hatamwita kwanza; tukimpa kiwanja, atalipiga mistari deni katika gombo. Thurstan huru. Yeye na wapangaji wake. Sisi na jua na mvua.

Ila kiwanja si cha Thurstan. Ni cha Idonea, damu kwa damu. Mwanangu na mkewe walikufa kwa homa wiki moja, mtoto ana miaka minne, Osgod akasema hiki ni chake. Na mume hawezi kutoa ardhi ya mkewe peke yake. Ansketil mwenyewe kaeleza, kwa sauti ya kufundisha watoto. Mke lazima aende mbele ya jaji wa mfalme. Mume anatolewa nje. Jaji anamwuliza mke, yeye peke yake: unakubali kwa hiari yako, au kuna mtu amekulazimisha? Akikubali, basi, hakuna wa kurudisha. Akisema hapana, hakuna mapatano.

Sheria ya kwanza ya mfalme niliyoisikia yenye maana!

Kwa hiyo yote yako katika mdomo mmoja. Jioni nimemkanda miguu kwa mafuta ya kondoo, imevimba, ana mimba ya miezi sita. Nikamwambia, "Utasema hapana."

"Bibi, hapo panauma."

"Hapana. Neno fupi, hata mlevi analiweza."

"Panauma, Bibi!"

Jumatano, Oktoba 4

Ansketil katuma agizo: ngozi moja ya kondoo, kubwa, safi, kwa ajili ya mapatano. Kutoka kwetu! Anajua ngozi za kiwanja hiki ndizo bora York. Anajua pia kinachouma.

Nimeona ngozi za namna hiyo. Maneno yaleyale huandikwa mara tatu katika ngozi moja, halafu inakatwa kwa mawimbi mawimbi. Kipande kwa anayetoa, kipande kwa anayepokea, na kipande cha chini kabisa kinafungiwa sandukuni kwa mfalme. Siku ya ubishi wanavileta vipande, mawimbi yakilingana ni kweli. Na lazima iwe ya kondoo, kwa sababu ukikwangua neno juu ya kondoo doa linabaki. Watu wazima hao, wenye pete, hawaaminiani mpaka kondoo asimame shahidi.

Shule mimi sikuijua. Herufi nimezijua kwa kuzifuta. Watawa walikuwa wanatuletea ngozi kuukuu za ndama tuzikwangue waandike upya, na kabla sijaipitishia kisu namwuliza Osgod, hii inasemaje? Osgod alijua nusu. Nusu nyingine alibuni. Ndiyo maana naandika vibaya, na ndiyo maana naandika kwenye vipande vya shingo na miguu ambavyo hakuna anayevinunua.

Basi agizo nimelitengeneza. Upande wa nyama nimeacha mafuta, utando mwembamba tu, jicho haliyaoni. Chaki ya kunyonya mafuta sikupaka.

Idonea kapitisha kidole. Mtoto aliyelelewa penye fremu za kutandia ngozi huwezi kumdanganya. "Bibi, hii bado ina mafuta."

"Hata anayeinunua ana mafuta."

Hakucheka. Zamani angecheka.

Jumatatu, Oktoba 9

Ha! Wino ulikaa matone matone kama maji mgongoni kwa bata. Bata wangu kalipa kisasi! Wanasema mwandishi wa Ansketil alijaribu mara tatu, katia chumvi, katia mate, mwisho kamwaga kidau chote kwenye kanzu ya bwana wake. Siku ya mahakama imesogezwa hadi Mtakatifu Luka. Siku tisa!

Nikarudi kutoka mtoni nikiimba. Nikamkuta Idonea bandani, tumbo limebanwa na fremu, kisu cha nusu mwezi mkononi, anakwangua ngozi ya kondoo. Polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama Osgod alivyomfundisha. Nyeupe kama ukuta wa kanisa.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Ansketil."

"Umerogwa?"

"Kiwanja cha babu hakitaondoka na jina la ngozi mbovu, Bibi. Wala hakitabaki nalo."

Nikamwambia maneno. Mengi. Nikamwambia anamchimbia babu yake kaburi la pili. Nikamwambia mume wa namna hiyo anapatikana kila sikukuu, wanauzwa kwa mafungu. Nikamwambia ukikubali, siku nikifa usije kunizika.

Kaweka kisu chini. Anasema: "Thurstan analia usiku, wewe unaapiza mchana. Mimi nilale saa ngapi?"

Alhamisi, Oktoba 12, Mtakatifu Wilfrid

Mji umelewa. Sisi hatusemezani. Nimempikia Idonea samaki mkunga kwa vitunguu na siagi, chakula anachopenda tangu hana meno. Kala chote, kafuta bakuli kwa mkate, kaniletea bakuli, kaondoka. Asante hakusema. Ila kala chote.

Thurstan nimemkuta bandani anakaza kamba za fremu. Mafundo gani yale! Nikamwambia hapa hatufungi ng'ombe.

"Nifundishe basi, Bibi."

"Kwa ajili ya nani? Mpangaji wa Ansketil?"

Macho mekundu. Anasema, unichukie utakavyo, mimi ndiye baba wa mtoto.

"Hata jogoo ni baba."

Kaendelea kufunga. Fundo la mwisho lilikuwa afadhali. Sikumwambia.

Jumanne, Oktoba 17

Kesho.

Asubuhi nimechukua kile kitanda cha mtoto alichochonga Osgod, cha mti wa mwaloni, chenye sungura wawili kichwani. Alikilalia mwanangu. Alikilalia Idonea. Nimekibeba mgongoni mpaka kwa jirani Emmota, kiko darini kwake. Emmota anauliza, kinakwenda kwa nani? Nikamwambia kinangoja.

Idonea alikuwa ameshakitandikia. Blanketi kaliweka mwenyewe, dogo, la sufu iliyobaki. Kaingia akaona pengo sakafuni.

Nikamwambia wazi: kitanda kinakaa kwenye nyumba ya Osgod. Nyumba ikienda, kitanda hakimfuati mtu.

Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele! Alilichukua blanketi tu, lilikuwa limeanguka, akalikung'uta, akalikunja mara nne. "Sawa, Bibi."

Sawa gani hiyo?

Osgod angenifukuza na ubao wa fremu. Lakini Osgod hayupo, alinifia akaniachia mjukuu yatima na mashimo mawili ya chokaa, na mjukuu sikumpoteza, na mashimo sikuyapoteza. Kwa upole? Hakuna kitu nilichokilinda kwa upole. Kitanda nitakirudisha kesho akishasema hapana. Kesho jioni hiyohiyo.

Jumatano, Oktoba 18, Mtakatifu Luka

Niko ngomeni, ndiko mahakama ya mfalme ilikokaa. Naandika juu ya goti, kipande cha ngozi ya mguu wa mbuzi, wino nimeupata kwa kijana mmoja wa mwandishi kwa bei ya kipande cha jibini.

Mawakili wamejaa humu kama funza. Kila mmoja kashika ngozi, na nusu ya ngozi hizo ni mbovu, naziona kutoka hapa. Mmoja anamwambia mteja wake wameshinda. Mteja analia.

Ansketil kaja na ngozi ya Idonea, imeshaandikwa yote, mara tatu, juu, kati, chini. Haijakatwa bado. Anaishika kwa ncha za vidole. Wino umekaa vizuri sana juu yake. Sikutaka kutazama, nimetazama.

Njia nzima kuja huku nilimshika mkono Idonea. Ulikuwa wa baridi, nikauingiza kwapani kwangu kama nilivyofanya alipokuwa mdogo. Nikamwambia, usiwaogope, wakivua zile kanzu wote wana vitambi. Nikamwambia, kumbuka neno lako. Thurstan alitembea nyuma. Mlangoni tu kamwambia, "Ido, sema unachotaka. Gerezani watu wanatoka." Mjinga. Hata kushawishi hajui.

Mwandishi wa jaji kaita jina lake. Thurstan kaambiwa arudi nyuma, karudi. Mimi nikaingia naye, mkono wake bado kwapani.

"Mama, wewe nani?"

"Bibi yake."

"Jaji anamtaka peke yake."

"Mimi si mume!"

"Peke yake ni peke yake, mama. Hata mimi nikishaandika jina natoka."

Idonea kautoa mkono wake. Taratibu, kama mtu anayetoa ngozi kwenye chokaa. Hakunitazama. Mlango ukafungwa.

Nimekaa. Benchi ni baridi. Thurstan kaja kukaa upande wa pili, kavua joho lake kaniwekea magotini. Sikumwambia avue. Sikumrudishia.

Inachukua muda. Swali moja lile! Ndiyo au hapana. Ansketil keshanoa mara mbili kisu cha kukatia ngozi yake. Anasema kwa kawaida haizidi muda wa kusema Baba Yetu. Mimi nimeshasema kumi na moja.

Sasa nasikia sauti yake ndani. Anasema kitu kirefu. Idonea, ambaye wiki nzima hakunipa maneno kumi. Anasema, ananyamaza, anasema tena. Jaji hasikiki.

Mwandishi kaitwa ndani. Katoka. Kalamu sikioni. Thurstan kasimama, Ansketil kasimama na ngozi yake. Mwandishi kawapita wote wawili kama nguzo.

"Gunnora, mjane wa Osgod mkwangua ngozi, ni nani?"

Nimenyoosha mkono. Sijui kwa nini mkono, ningesema tu.

"Jaji anakuuliza habari za kitanda, kama ulikiondoa ili kumlazimisha."

"Kitanda gani?" anasema Ansketil. "Katika mapatano hakuna kitanda."

Thurstan ananitazama. Hakujua. Alidhani nimekipeleka kutengenezwa.

Mwandishi ameshikilia mlango wazi. Anasema niache hicho ninachoandika, niingie, na humo ndani nitaapa kwanza kwa Injili kusema kweli. Naacha hapa.