Makande ya Matanga Yako

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipoamkia utanisonya huko huko uliko.

Tangu utuache hapa Sindeni, biashara imefunguliwa kila mahali. Mitumba imefika mpaka gulioni, na Korogwe maduka yanauza mbegu za mahindi za pakiti, zimepakwa dawa nyekundu. Ndizo zilizonitia kiburi. Nakuandikia kwa sababu nimeaibika, na wa kumwambia ni wewe tu.

Yale mahindi yako ya mbegu uliyoyatundika juu ya meko, meupe, mekundu na ya madoadoa, na vile vibuyu vya kunde... tulivila, Mama. Kwenye matanga yako. Watu walimiminika mpaka kutoka Hale, unga ukaisha, wanawake jikoni wakaniuliza wafanyeje. Mimi, mwanao wa kumzaa, nikasema: "Teremsheni hizo za juu. Mbegu siku hizi zinauzwa." Zikapikwa makande. Yalikuwa matamu, nikaongeza sahani. Mpaka leo nikikumbuka utamu ule naona haya, hata nikiwa peke yangu.

Mwaka wa kwanza mahindi ya pakiti yalistawi, sikatai. Shamba zima kimo kimoja, nikatamba kijiji kizima. Mwaka huu jua likakaza wakati yanatoa mbelewele, yote kwa pamoja, na yote yakakauka kwa pamoja. Nikakumbuka ulivyokuwa ukichanganya mbegu kikapuni, sisi tunakucheka, nawe unajibu: "Hawa wanangu hawaugui wote siku moja." Mekundu yakifa, ya madoadoa yalikuwa yameshakomaa. Mahindi yote yakigoma, kunde zilibaki. Nilidhani ni ukaidi wa kizee, kumbe ndivyo ulivyotulisha.

Vuli ilipokaribia akaja shoga yako, Bi Mwanaidi, na bakuli lake, kama alivyozoea kuja kwako kila msimu. "Mwanangu, nipunguzie zile za mama yako." Sikuweza kumtazama. Nikamwambia panya wamezimaliza. Akaweka bakuli chini, akasema: "Panya hao nami nilikuwemo. Nilizitambua kwenye sahani, nikaona vibaya kusema mbele ya msiba. Nimekuja nikitumai ulibakiza chache." Afadhali angenitukana.

Ni yeye aliyenikumbusha kwamba uliwahi kumgawia mama mdogo kule Mazinde. Nikaenda kuomba. Mama mdogo analima kipande nyuma ya nyumba, mkonge umemzunguka pande zote. Alikuwa na mahindi machache ya madoadoa, akanipa. Meupe na mekundu hana. Kunde hana. Niliulizia madukani Korogwe, wakanicheka, hata kuzijua hawazijui. Hizo ndizo zimekwenda, Mama, hazirudi, na aliyezimaliza ni mimi. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Nilizopata nimegawana na Bi Mwanaidi. Zangu zimeshaota, chache, mojamoja.

Lala salama, Mama yangu. Nitakachovuna nitakitundika pale pale pako, kwenye moshi. Na mwanangu Zaina nimeshamuusia: siku yangu ikifika, unga ukiisha, wageni wanywe chai ya rangi waende makwao. Za juu ya meko asiziguse mtu.

Mwanao.