Jibu Ndiyo au Hapana

4 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini tumbo limetulia kidogo. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa adimu. Nakuandikia barua kwa sababu simu za hapa haziachi kuita.

Umeniuliza kampuni yetu inafanya nini hasa. Ni hivi: mzee anaishi peke yake, anasahau dawa, watoto wako mbali. Mashine yetu inampigia asubuhi na jioni, inamwuliza kama amekunywa, kisha inawatumia watoto ujumbe. Wazee wameipenda kweli. Mwenzangu anazunguka na wawekezaji, mimi nashinda na mitambo katika chumba kimoja juu ya duka la matairi. Dirisha halifunguki, harufu ya mpira imenizoea.

Siku ya upasuaji nitakuwa nawe. Hilo usiwe na shaka.

Binti yako,
Chiriku

11 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi nasukuma siku. Uvimbe uko palepale, na daktari amesema ni tarehe ishirini na tano. Cherehani nimeifunika, mabibi harusi watanivumilia.

Jirani yangu mwalimu ameahidi kunisindikiza. Mwanamke mwema, lakini nikizinduka nataka kukuona wewe. Naogopa, sikufichi.

Na mbona siku hizi ukipiga simu unaongea kama mtu anayesoma tangazo? Wewe, uliyekuwa hupumui kwa maneno mpaka baba yako akakupa jina la ndege!

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Maumivu yanaendeleaje?

Nakuambia jambo, lifie hapo hapo. Mashine haiwaelewi wazee. Ukimwuliza mzee kama amekunywa dawa, hasemi ndiyo. Anaanza na goti, anapitia kwa mkwe, anamalizia na paka. Mashine ikachanganyikiwa. Mwenzangu akaniomba nishike nafasi ya mashine kwa wiki moja tu, wakati tunairekebisha. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Anayewapigia wote ni mimi, kwa sauti kavu isiyo na chumvi, na wawekezaji wanaamini ni mashine.

Nikiondoka siku moja simu hazipigwi, na kati ya wazee hao kuna wagonjwa wa moyo na wa sukari. Nikisema ukweli, kampuni imekufa. Nimekwama, Mama. Hata chooni naenda na simu.

Tarehe ishirini na tano sitaweza kuja. Nisamehe. Nimekuandikisha kwenye huduma. Ukitoka hospitali nitakupigia kila siku. Angalau nitaisikia sauti yako.

Chiriku

30 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimerudi nyumbani salama. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono nilipozinduka, nami nikawa namwita Chiriku. Maskini, akaitika.

Jana asubuhi ulinipigia. Nilifurahi mpaka nikajisahau, nikaanza kukueleza kidonda kinavyouma, nikakuuliza unakuja lini. Kisha ukasema, "Tafadhali jibu ndiyo au hapana. Umekunywa dawa?"

Nikakuambia, "Mwanangu, ni mimi, mama yako."

Ukasema, "Samahani, sijakuelewa."

Nyuma yako nikasikia wanaume wanacheka, mmoja akisema, "Haichoki hii! Hata na bibi msumbufu!" Ndipo nikajua wageni wa mwenzako, wale wawekezaji, wamekaa hapo wanakusikiliza, na nikiongeza neno moja nitakuangusha. Iliniuma kuliko kisu cha daktari. Nikajibu ndiyo.

Ukanishukuru kwa kutumia huduma yenu, ukakata.

Dawa sikuwa nimekunywa. Zilikuwa juu ya kabati, na peke yangu bado siwezi kuinuka. Nilisubiri mpaka mwalimu alipotoka kazini.

Usiogope, mwanangu. Kesho ukipiga, nitajibu ndiyo tena.

Mama yako